Mjadala wa Msimbati: Rangi ya Mnyama Ina Kazi Gani?

Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kwenye Ghuba ya Mnazi, mwamba hubaki wazi kwa saa chache na akina mama wa Msimbati huingia na vijiti vyao kuchokoa pweza. Mjadala huu unaanzia pale wanaporudi na ndoo zao. Sauti nne zinazojibizana hapa hazina majina, lakini aliyewahi kuishi pwani ya Mtwara atazitambua: mama mchokoaji, mzee aliyekuwa nahodha, mwalimu wa baiolojia wa sekondari na kijana aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu. Wamekalishwa kibaraza kimoja kwa sababu kila mmoja wao anajua jambo la kweli kuhusu rangi za wanyama, na kila mmoja anaamini kwamba analolijua ndilo jibu lote.

"Pweza hujivika mwenyewe," mama anaanza. "Nimemgusa kwa kijiti akiwa kahawia, akageuka mweupe pe, akateleza hadi kwenye jiwe akawa jiwe. Hilo hakurithi kwa mtu. Ni akili yake."

Kijana anakubali nusu. Akili ya pweza, anasema, inahusika kwelikweli, maana chini ya ngozi yake kuna maelfu kwa maelfu ya vifuko vidogo vyenye rangi ya njano, nyekundu, kahawia au nyeusi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli. Ubongo ukiamuru, misuli huvuta, kifuko hutanuka na rangi hutokeza. Misuli ikilegea, kifuko hunywea kikawa nukta isiyoonekana. Amri hupita kwenye neva moja kwa moja, ndiyo maana kazi yote humalizika chini ya sekunde moja. Kinyonga hana mfumo huo: mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba yeye hubadilisha nafasi kati ya fuwele ndogo mno zilizo ndani ya seli za ngozi yake, na ni kazi ya dakika. Pweza wa aina ya Octopus cyanea, ambaye ndiye anayevuliwa zaidi kwenye miamba ya Afrika Mashariki, aliwahi kufuatiliwa na watafiti huko Pasifiki akiwa mawindoni. Alibadili sura karibu mara 1,000 katika saa 7.

"Lakini vifuko hivyo, Mama, amevirithi," kijana anamalizia. "Anachochagua ni lini avitumie."

Hapo mwalimu anaingiza neno linaloutikisa ushindi wa kijana. Jicho la pweza lina aina moja tu ya protini ya kupokea mwanga, ilhali la binadamu lina tatu za kutofautishia rangi. Kwa vipimo vya kawaida vya maabara, pweza haoni rangi. Sasa asiyetofautisha nyekundu na kijani anajivikaje nguo inayolingana na mwamba?

Jibu linakuja vipande vipande. Pweza hupima vizuri mwangaza na kiza, mabaka na mistari, ukubwa wa mawe na ukali wa kingo zake, na anaweza hata kuinua vinundu vya ngozi ili awe na mparuzo wa matumbawe. Rangi za vifuko vyake ni zile zile zinazotawala mwambani, na chini ya vifuko kuna tabaka la seli zinazorudisha mwanga wowote ulioko mahali alipo. Tena mwaka 2015 watafiti wa California waligundua kwamba ngozi ya pweza mmoja wa kwao ina protini ya kupokea mwanga kama ile ya jicho. Kipande cha ngozi kilichotengwa na mwili kilimulikwa, na vifuko vyake vikatanuka bila ubongo kuwepo.

Mama amesikiliza yote hayo akiosha ndoo. "Haya, na mimi mnisikilize. Simtafuti pweza kwa rangi yake, ningekufa njaa. Natafuta mlango wa shimo lake. Akila kaa na makombe, maganda huyatupa nje. Nikiona maganda yamelundikana na mawe yamesogezwa, najua mwenye nyumba yumo."

Ushahidi huu ni wa thamani kuliko anavyodhani. Rangi ya pweza ilinolewa kwa muda mrefu mno na macho ya chewa na samaki wengine wanaowinda kwa kuona. Haikunolewa na binadamu anayesoma taka za mlangoni. Kila kinga ina adui wake iliyemlenga, na adui akibadili njia, kinga hubaki nzuri vile vile lakini haimsaidii mwenyewe.

Mzee sasa anaweka msimamo wake, nao ni mfupi: kila rangi ni maficho. Amevua jodari maisha yake yote. Mgongo wa jodari ni wa kiza, tumbo ni la fedha. Ukimtazama kutoka juu anazama katika weusi wa kilindi, na anayemtazama kutoka chini anamkosa kwenye mwanga wa juu. "Mwenyezi Mungu hakumpa rangi ya mchezo," anasema. Mwalimu hapingi kauli hiyo. Yeye anauliza njia iliyopitiwa, na anasema maswali hayo mawili yanaweza kukaa mkeka mmoja.

Msimamo wa mzee umewahi kuwa na bingwa mwenye jina kubwa. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer alieleza mwaka 1896 kanuni ya mgongo wa kiza na tumbo jeupe, na hapo alikuwa sahihi. Kisha akaivuta kanuni hadi ikakatika: alidai kwamba hata wekundu wa heroe ni maficho yanayowafaa wakati wa mawio na machweo. Aliyemkabili kwa hasira alikuwa Theodore Roosevelt, rais mstaafu, ambaye alikuwa ametoka kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 na 1910 na kuwaona wanyama wengi wasiojificha kabisa. Tunajua sasa kwamba wekundu wa heroe, wakiwemo wale wa Ziwa Natron, hutokana na chakula chao. Roosevelt naye alikwenda mbali mno, akadharau maficho yaliyo ya kweli. Wote wawili walipotezwa na tamaa ya jibu moja.

"Kama kila rangi ni maficho," mama anamtupia mzee, "niambie pono anajificha wapi na ule ubuluu wake."

Ni swali zuri. Pono wengi wa miamba yetu huanza maisha yao wakiwa wekundu wa kahawia, na wengi wao ni majike. Baadaye baadhi hubadilika kuwa madume, na hapo ndipo huvaa buluu na kijani kinachoonekana kutoka mbali. Samaki ni yule yule, jeni ni zile zile, lakini homoni zimebadilika na ngozi imefuata. Buluu ya samaki wengi wala si rangi iliyopakwa: hutokana na fuwele zilizopangwa ndani ya seli kwa namna inayorudisha mwanga wa buluu tu. Dume la pono linalipa gharama ya kuonekana kwa sababu linataka kuonekana, na majike na mahasimu wake. Kwa hiyo anayesema rangi ni jeni tu, naye amekosea. Jeni hutoa uwezo, na mwili huamua wakati.

Kijana alikuwa akingoja nafasi ya vipepeo, na hapa inafaa apewe muda, kwa sababu hakuna mahali popote ambapo somo hili limesomwa kwa kina kama kwa kipepeo mmoja wa misitu ya Afrika, Papilio dardanus, anayeruka pia katika misitu ya pwani yetu. Dume lake ni la manjano na nyeusi, lenye mikia kwenye mbawa za nyuma, na halitofautiani sana kutoka Afrika Kusini hadi Kenya. Jike ni habari nyingine. Kuna jike jeusi na jeupe, linalofanana kabisa na kipepeo mchungu wa jenasi Amauris. Kuna la rangi ya chungwa, linalofanana na Danaus chrysippus, yule anayeonekana mashambani mwaka mzima. Kuna mengine tena, na mengi ya bara hayana mkia. Wakusanyaji wa Ulaya waliyapa majina ya spishi mbalimbali, hadi mwaka 1869 Roland Trimen, akifanya kazi Afrika Kusini, alipoonyesha kwamba wote hao ni wake za dume lile lile moja.

"Wanavaa nguo za wenzao," anasema mama.

"Za wenzao wenye sumu," anajibu kijana. Viwavi wa Amauris na Danaus hula mimea yenye utomvu mkali, na ndege aliyemwonja mmoja hujuta na hukumbuka. Dardanus hana uchungu wowote, ila anafaidi kumbukumbu ya ndege. Faida hiyo ina mpaka. Waigaji wakizidi, ndege watawaonja wengi watamu kuliko wachungu, na nguo itapoteza heshima. Ndiyo maana vazi lililo adimu hupata nafuu, na mavazi kadhaa hudumu katika msitu mmoja bila mojawapo kuyafuta mengine.

Mzee ana swali ambalo wanafunzi wengi hawathubutu kuliuliza. "Kama mama ni mweusi-mweupe na bibi alikuwa wa chungwa, mbona hawazaliwi wa katikati, nusu huyu nusu yule? Huyo wa katikati angeliwa na kila ndege."

Swali hilo hilo liliwafanya Cyril Clarke na Philip Sheppard, huko Liverpool, kuwazalisha vipepeo hawa kuanzia miaka ya 1950. Waligundua kwamba aina ya jike huamuliwa na eneo moja tu la urithi, na kwamba madume hubeba jeni hizo bila kuzionyesha. Walipopandisha vipepeo wa eneo moja, watoto walitoka safi, ama vazi hili ama lile. Walipopandisha wa nchi zilizo mbalimbali, mpangilio ulivurugika na wakazaliwa wa katikati. Maana yake ni nzito: usafi wa mavazi haukuja wenyewe, ulinolewa mahali kwa mahali na ndege wa mahali hapo. Mwaka 2008, na kwa uhakika zaidi mwaka 2014, eneo hilo lilibainika kuwa kwenye jeni iitwayo engrailed. Jeni hiyo ina kazi ya zamani sana ya kupanga sehemu za mbele na nyuma za mwili wa mdudu anapoumbika. Mageuko hayakutengeneza kiwanda kipya cha rangi, yalikipa kazi ya pili chombo kilichokuwepo.

Na ukivuka Mlango wa Msumbiji, ng'ambo ya pwani hii hii ya Mtwara, utawakuta dardanus wa Madagaska. Majike yao yana manjano na mikia kama madume. Hawaigi mtu.

Tanzania ina sehemu yake katika elimu hii. Miaka ya 1970 David Smith alifanya utafiti Dar es Salaam kuhusu Hypolimnas misippus, kipepeo mwingine ambaye jike lake humwiga Danaus chrysippus. Inasikitisha kwamba vitabu vingi vya shule zetu bado vinamfundisha mtoto wa Tanzania uteuzi asilia kwa nondo wa Manchester, hali vipepeo hawa wanapita juu ya paa la darasa.

Mzee hajaridhika. "Mimi nina jogoo mwekundu na tetea mwekundu. Wameangua kifaranga mweupe. Hapo hakuna ndege aliyechagua."

Kwa mara ya kwanza mzee amemweka mwalimu mahali pazuri. Kweli, anasema, mabadiliko ya jeni hayangoji kuitwa. Weupe wa aina hiyo kwa kuku umefuatiliwa hadi kwenye jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kwanza katika kazi ya kutengeneza rangi iitwayo melanini: kirusi cha kale kilijipachika ndani ya jeni hiyo na kuiharibia utendaji kwenye manyoya. Kuku mwenye nakala moja nzuri na moja mbovu huonekana wa rangi. Wakikutana wawili wa hivyo, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mweupe. Kuku weusi nao wana hadithi yao. Katika aina kadhaa, herufi moja tu ya jeni MC1R imebadilika, na kipokezi kinachoamuru melanini nyeusi kimekwama katika hali ya kuwaka. Badiliko lile lile, nafasi ile ile ya 92 ya protini, limepatikana kwa panya wa maabara na kwa kware wa Kijapani. Bahati hutupa mabadiliko. Macho ya mwindaji, mwenza, au mfugaji anayependa kuku mweusi, huamua lipi libaki.

Mama anaweka ndoo chini. "Na mtu mwenye ualbino, Mwalimu? Maana watu wamesema mengi."

Wamesema mengi, na wengine wameua. Mwalimu anajibu taratibu, kama anayetaka kila neno lifike. Ualbino ulio wa kawaida zaidi nchini kwetu unatokana na jeni iitwayo OCA2. Kipande chake kimekatika, na kukatika huko huko kumepatikana katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, ishara kwamba ni urithi wa kale wa pamoja. Mtoto huzaliwa na ualbino anapopokea nakala isiyofanya kazi kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Jeni hiyo hiyo ndiyo iliyoharibika kwa samaki weupe wa mapangoni Mexico, ambao huko gizani hawapungukiwi chochote. Mtoto wa Mtwara anaishi chini ya jua la Mtwara, na anachohitaji ni kofia, mikono mirefu, miwani, dawa ya kupaka kama ile inayotengenezwa Moshi, na nafasi ya mbele darasani aone ubao. Hana laana. Hana bahati ya kuuzwa. Baba asiseme mtoto si wake, kwa sababu bila nakala yake mtoto asingezaliwa hivyo.

Kuna mahali ambapo mjadala haupati mshindi. Kwenye matope ya maingilio ya Mto Ruvuma hutembea yangeyange wa pwani ambao wataalamu huwaita Egretta dimorpha, na wengine huwahesabu kuwa tawi la yangeyange mdogo. Baadhi ni weupe, baadhi ni wa kijivu cha kiza, nao ni jamii moja. Mwalimu anasema mweupe hufichika kwa samaki anayetazama juu kwenye mwanga wa mbingu. Kijana anasema wa kiza anafaa zaidi penye mwamba na kivuli. Mzee amewatazama kwa miaka mingi na anasema kitu kimoja tu: wote wanashiba. Kauli ya mzee isipuuzwe. Aina mbili zikidumu pamoja, huenda kila moja ina saa yake na mahali pake pa kushinda, au huenda tofauti ya rangi ni ndogo mno kwa tumbo kuihisi. Si kila rangi lazima iwe na kazi.

Silikanti, kinyume chake, anaonyesha jinsi rangi na jicho vinavyoweza kufungamana na mahali. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosauria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na kuanzia 2004 jarife za Tanga zilimtoa mara kwa mara, hadi hifadhi ya bahari ikatangazwa kwa ajili yake mwaka 2009.

"Huko kilindini ni giza," anasema mzee. "Rangi ya nini?"

Si giza tupu. Mita 200 chini, mwanga mdogo unaobaki ni wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480. Mwaka 1999 Shozo Yokoyama na wenzake walipima protini mbili za jicho la silikanti na kukuta zinapokea vizuri zaidi nanomita 478 na 485, yaani dirisha lile lile lililobaki wazi. Jeni nyingine ya kuonea mwanga ambao haufiki huko imeharibika na kubaki gofu ndani ya urithi wake. Mwili wake ni wa buluu ya chuma wenye madoa meupe, na Hans Fricke, aliyemfuata kwa nyambizi huko Komoro tangu 1987, aliona kwamba madoa hayo yanafanana na viumbe weupe wanaoshikamana na kuta za mapango anamopumzika. Hakuna silikanti wawili wenye madoa yanayolingana.

Mwanga ukiharibika, hayo yote hutenguka, na ushahidi upo Ghuba ya Mwanza. Katika Ziwa Viktoria kuna samaki wawili wa jenasi moja: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu. Majike huwatambua waume zao kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba penye maji maangavu spishi hizo hukaa mbalimbali, na penye maji yaliyochafuka kwa udongo na mbolea majike hukosea, spishi huchanganyika, na rangi zenyewe hufifia. Hakuna aliyewavua hadi wakaisha. Maji tu yalipoteza uangavu.

Hili ndilo linaloifanya hoja ya kibarazani kuwa hoja ya nchi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 za mikoko, matope, mwamba na kilindi, na ni kazi ya mikoko hiyo kuzuia udongo wa mto usimwagike juu ya matumbawe. Mkoko ukikatwa, maji hubadili rangi. Baruti ikilipuka, pweza hukosa shimo na pono hukosa pa kulala. Rangi walizovaa viumbe hawa zililingana na mahali ambapo hapatakuwepo tena.

Walimu wa baiolojia wa Mtwara wawapeleke wanafunzi mwambani siku ya bamvua, na wamwombe mama mchokoaji afundishe kipindi cha kwanza. Anayeona yangeyange weupe na wa kiza matopeni aandike tarehe, mahali na idadi ya kila rangi. Na mvuvi ambaye jarife lake litatoa silikanti apige picha ubavu wa kulia na wa kushoto, aandike kina na mahali, kisha apeleke taarifa ofisi ya hifadhi ya bahari iliyo karibu: kwa madoa yale, samaki huyo anaweza kutambuliwa yeye mwenyewe kati ya wenzake wote.